BUKARI INAPITA WAPI? Kazi ya tumbo, na juu ya nini kuhara kunaua



Mvua imeanza. Hapa Lubumbashi sisi wote tunajua mvua inaleta nini: inaleta matope, inaleta bowa na maembe, inaleta tena kuhara. Katika mitaa mingi, mtoto akianza kuhara, utasikia mama mkubwa mmoja anasema: «Usimupe mayi! Mayi itazidisha. Acha kwanza tumbo ikauke.» Mama yule anampenda mtoto, wala hana ujinga. Anawaza hivi: kile kinachotoka ni maji, basi tusiongeze maji mengine. Wazo hilo ni zuri kwa beseni iliyotoboka. Lakini tumbo haifanyi kazi kama beseni. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu, nieleze namna chakula kinavyosafiri ndani yetu toka mdomo mpaka mwisho. Kisha tutaona juu ya nini neno lile la mama linaweza kuua mtoto.

Tufuate tonge moja la bukari, pamoja na lenga-lenga na kapenta mbili tatu, sawa na tunavyokula hapa shuleni.

Bukari, iwe ya mahindi ao ya mahindi na mihogo, karibu yote ni wanga. Na wanga ni nini? Ni sukari nyingi sana zilizofungana, kama shanga katika uzi mrefu. Uzi huo hauwezi kupita katika ukuta wa tumbo na kuingia katika damu. Lazima ukatwe mpaka shanga zibaki moja moja. Kapenta nazo ni shanga za namna nyingine, ndizo protini. Mafuta yana namna yake tena. Basi kazi yote ya tumbo ni hii: kukata, na kisha kupitisha. Mwili unakata kwa vimeng'enya, vile kitabu chetu cha biolojia cha Kifaransa kinaviita anzime. Kila kimeng'enya kina kazi yake, kama vile funguo: ule wa wanga haufungui nyama.

Kazi inaanza mdomoni. Meno (mtu mzima akiwa na yote ana 32) yanasaga, na mate yanalowesha. Lakini mate hayalowesheki tu, yana kimeng'enya cha kukata wanga. Ukitaka kuhakikisha, chukua kipande cha bukari isiyo na mboga, tafuna polepole bila kumeza, uhesabu mpaka 100. Utasikia utamu unakuja. Hakuna aliyetia sukari. Ni wewe mwenyewe umeitengeneza. Wale wa kalasi ya sayansi wanaweza kufanya zaidi: weka bukari laini katika vikopo viwili, kimoja utie maji, kingine mate, ngoja nusu saa mahali penye joto kidogo, kisha dondosha iyodi ya kupaka vidonda. Penye wanga patageuka bluu nyeusi. Katika kikopo cha mate rangi itapungua sana. Jaribio hili halina bei, linashinda kusoma kurasa kumi.

Kisha tunameza. Hapo kuna njia panda: bomba moja linakwenda kwenye mapafu, lingine, jina lake umio, linakwenda tumboni. Kifuniko kidogo kinafunga bomba la pumzi kila mara tunapomeza. Mtu akicheka huku anameza, kifuniko kinachelewa, na maharagi yanatafuta bomba la pumzi. Katika chumba chetu cha kulia mfano wa jambo hili haukosekani, nami kama kapita nimeuona mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Umio una urefu wa sentimeta 25 hivi. Msidhani kwamba chakula kinaanguka ndani yake kama jiwe katika kisima. Mmekwisha kuona mama mmoja wa soko anaosha matumbo ya mbuzi: anabana juu kwa vidole, kisha anasukuma kwenda chini mpaka uchafu wote utoke. Umio unafanya vile vile kwa nyama zake wenyewe, unabana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake. Tumbo yote na matumbo yote yanaendesha chakula kwa mwendo huo. Kwa hiyo hata mtu aliyening'inia kichwa chini anaweza kumeza. (Tafadhali, msijaribu kwenye vitanda vya juu.)

Tonge limefika katika mfuko wa tumbo, ule wenye umbo la herufi J, chini ya mbavu za kushoto. Mfuko huu unaweza kupokea litiri moja, hata moja na nusu. Ndani yake kuna asidi kali sana, pamoja na kimeng'enya kinachokata protini. Tonge letu litageuzwa humo saa 2 mpaka 4, ao zaidi kama mafuta ni mengi, mpaka liwe kama uji.

Zamani waganga wa Ulaya walibishana. Wengine walisema tumbo inasaga kama kinu, wengine kwamba chakula kinaoza tu ndani. Neno lilikatwa kwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Katika mwaka 1822, huko Mackinac katika Marekani, kijana Mkanada Alexis St. Martin alipigwa na bunduki kwa karibu sana. Daktari William Beaumont alimtunza, akapona, lakini tundu lilibaki ubavuni, likifunguka mpaka ndani ya mfuko wa tumbo. Kwa miaka mingi Beaumont alifunga vipande vya nyama kwa uzi wa hariri, akaviingiza kwa tundu lile, akavitoa tena ili aone vimefika wapi. Alichota hata maji ya tumbo, akayatia katika chupa pamoja na nyama, na nyama ikayeyuka mle ndani ya chupa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1833. Daktari amesifiwa sana kwa kazi hiyo. Mimi nafikiri sifa nyingine ingefaa kupewa yule kijana, aliyevumilia nyuzi zile zote akaishi mpaka 1880.

Asidi hiyo ina kazi ya pili: ni askari wa mlangoni. Vijidudu vingi tunavyomeza pamoja na maji ao chakula vinakufa pale. Hata vijidudu vya kipindupindu (kolera) haviipendi asidi. Lazima viingie vingi sana ili vichache vipite. Lakini askari huyu anashindwa kama adui wamekuja kwa mamilioni, ao kama asidi imepunguka, mfano kwa mtu aliyedhoofika kwa njaa. Mkumbuke jambo hilo, tutalirudilia.

Mtu atauliza: kama asidi inayeyusha nyama, juu ya nini haiyeyushi mfuko wenyewe, maana nao ni nyama? Ni kwa sababu ukuta wake umepakwa ute mzito, na ngozi yake ya ndani inajifanya upya kila siku chache. Pale ute unaposhindwa ndipo vidonda vya tumbo vinapoanza. Watu wanazoea kusema ni pilipili inayovileta. Daktari Barry Marshall wa Australia alishuku kijidudu, na mwaka 1984 alikinywa mwenyewe akaugua tumbo. Katika 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa zawadi ya Nobel. Basi muache pilipili ya watu.

Sasa tunafika mahali penye kazi kubwa: utumbo mwembamba. Mwanzo wake, sentimeta 25 hivi, unaitwa duodeni, na maana ya neno ni vidole kumi na viwili, kwa kuwa watu wa kale waliupima kwa upana wa vidole. Hapo bukari yetu, iliyo kali kwa asidi, inakutana na wageni wawili. Wa kwanza ni nyongo. Inatengenezwa katika ini, lenye uzito wa kilo moja na nusu karibu, na inawekwa katika kifuko chake. Nyongo inafanya sawa na sabuni katika sufuria ya mafuta: inayavunja yawe matone madogo madogo ili yakatwe vizuri. Mgeni wa pili ni maji ya kongosho, ile nyama ndefu iliyolala nyuma ya mfuko wa tumbo. Hayo yanazima ukali wa asidi, tena yana vimeng'enya vya kila namna, vya wanga, vya protini, vya mafuta. Kama mtu anauliza ni wapi chakula kinasagwa zaidi, jibu ni hapa, wala si katika mfuko wa tumbo.

Utumbo huu una urefu wa metre 6 hivi ukinyooshwa. Pimeni kwa hatua katika kalasi mtaona. Lakini urefu ni kitu kidogo. Siri iko katika ukuta wake wa ndani. Haukuwa laini kama bomba la maji. Una mikunjo, na juu ya mikunjo kuna vidole vidogo vidogo, mamilioni, kila kimoja chini ya milimeta moja, sawa na nyuzi za kitambaa kizito cha kujipanguzia kisha kuoga. Tena juu ya kila chembe ya vidole hivyo kuna vinyoya vidogo zaidi ambavyo jicho haliwezi kuona. Vitabu vingi vinasema kwamba ukitandaza ngozi hiyo yote itajaza uwanja wa tenisi. Muwe na mashaka kidogo na neno hilo: katika 2014 watafiti wawili wa Sweden walipima upya wakapata kwamba eneo la njia yote ya chakula ni metre za mraba 32 karibu. Kwa hiyo si uwanja wa tenisi; ni kama chumba kizuri cha kulala. Hata hivyo, chumba kizima kimekunjwa ndani ya tumbo ya mtu mmoja!

Katika ukuta huo ndipo shanga za mwisho zinakatwa. Sukari, protini zilizokatwa na chumvi zinapita ndani ya vidole, zinaingia katika damu, na damu inazipeleka kwanza katika ini. Mafuta yanapita njia nyingine, lakini mwisho nayo yanafika katika damu. Bukari ya saa sita sasa ni nguvu ya mpira wa saa kumi.

Na maji? Hapa ndipo nawaomba mkaze macho, kwa maana hesabu hii wengi hawakuisikia hata kidogo.

Kwa siku moja mtu mzima anakunywa na kula maji yapata litiri 2. Lakini maji yanayoingia katika utumbo ni litiri 9 hivi! Zile 7 zingine zimetoka wapi? Zimetoka katika mwili wenyewe: mate yapata litiri moja na nusu, maji ya mfuko wa tumbo litiri 2, nyongo nusu litiri ao zaidi, kongosho litiri moja na nusu, na utumbo wenyewe unaongeza yake. Mwili unayamwaga ndani ili chakula kilowane na kukatwa, kisha unayarudisha. Utumbo mwembamba unarudisha sehemu kubwa, litiri 7 ao 8. Utumbo mnene unamaliza kazi. Kinachotoka nje chooni ni desilitiri moja ao mbili tu za maji, ni kusema glasi moja isiyojaa.

Sasa muweke hesabu hiyo pembeni ya damu. Mtu mzima ana litiri 5 za damu, na katika hizo maji yake ni litiri 3 hivi. Kwa hiyo kila siku inayopita, utumbo unakopa na kurudisha maji mara mbili na zaidi ya yale yaliyomo katika damu yote. Mkopo huo ukikosa kurudishwa hata kwa saa chache, mtu yuko hatarini. Kwa mtoto mdogo ni vibaya zaidi, kwani akiba yake ni ndogo.

Kabla ya kufika huko, tumalize safari ya tonge. Yaliyobaki yanaingia katika utumbo mnene, wenye metre moja na nusu, unaopanda upande wa kuume, unavuka, unashuka upande wa kushoto. Humo kunakaa vijidudu vingi ajabu ambavyo si adui. Vinakula nyuzi za mboga ambazo sisi hatuwezi kukata. Watu wanadharau nyuzi hizo. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi katika Mulago, Kampala, hakuzidharau. Katika 1972 yeye na wenzake waliandika kwamba kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita toka mdomo mpaka mwisho kwa siku moja na nusu, lakini kwa wanafunzi wa shule moja ya bweni ya Uingereza, waliokula mkate mweupe, kilichukua siku 3 na zaidi. Wale wanaosukuma lenga-lenga kando ya sahani wafikiri wenyewe.

Turudi sasa kwa yule mtoto anayehara.

Kipindupindu ndicho mfano mkali kuliko yote, na si habari ya mbali. Tangu miaka ya 1970 kimekaa kwetu mashariki, pembeni ya ziwa Tanganyika katika Kalemie, na katika maziwa ya Upemba, kule Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu. Toka huko kinasafiri na watu na biashara mpaka miji ya kusini. Hapa Lubumbashi kiliingia mwaka 2008, kikaingia tena mwanzo wa 2013, mara zote mbili wakati wa mvua, wakati maji ya vyoo yanatembea na kufika katika visima vya viwanja vyetu.

Kijidudu hiki kikimpita askari wa asidi, kinafika katika utumbo mwembamba na kujibandika ukutani. Hakili ukuta, hakitoboi kitu. Kinatoa sumu tu. Sumu hiyo inaingia katika chembe za ukuta na kufungua robine ya chumvi kuelekea ndani ya utumbo, na robine haifungiki tena. Popote chumvi inapokwenda, maji yanafuata. Hiyo ni sheria mnayoijua wote mliotia chumvi katika nyanya zilizokatwa mkaona maji yanatoka. Basi maji ya damu yanakimbilia ndani ya utumbo, hata litiri moja kwa saa kwa mgonjwa mkali. Utumbo mnene hauwezi kurudisha mengi hivyo. Yanatoka meupe kama maji ya kuoshea mchele. Macho yanaingia ndani, ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama, mkojo unakoma, mapigo ya mkono yanapotea. Mtu aliyeamka mzima asubuhi anaweza kufa kabla ya usiku. Ameuawa na ukavu, na mwili wake hauna kidonda hata kimoja.

Na hapa ndipo tunamjibu mama wa mtaa wetu. Maji yale hayatoki katika kikombe ulichomnywesha mtoto. Yanatoka katika damu yake. Ukimnyima kikombe, robine haifungi. Itaendelea kukausha damu mpaka iishe.

«Sawa,» mwingine atasema, «lakini nimempa maji, nayo yamepita moja kwa moja, yametoka!» Ni kweli, naye ameona vizuri. Maji matupu hayashikwi vema, kwa sababu maji hayaingii katika damu yenyewe tu, yanafuata chumvi. Na chumvi peke yake nayo haiingii vizuri kwa mtu wa namna hiyo. Lakini katika ukuta wa utumbo kuna mlango mmoja wa pekee. Mlango huu unapitisha chumvi na sukari pamoja, zimeshikana mikono. Mwenye kuufahamu ni mtaalamu Robert Crane, aliyeeleza jambo hili katika Prague mwaka 1960. Na ajabu yenyewe ni hii: sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huu! Robine inamwaga upande mmoja, lakini mlango wa sukari na chumvi uko wazi upande wa pili, na maji yanaingia nyuma yao.

Waganga walitumia elimu hiyo. Katika 1968, katika Dhaka, David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaokunywa maji ya sukari na chumvi wanahitaji serumu ya mshipa kidogo tu. Mwaka 1971 vita ya Bangladesh ilileta wakimbizi mamilioni katika India. Katika kambi ya Bongaon, Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa serumu. Wagonjwa walikuwa wanalala chini sakafuni, katika uchafu wao. Akaamuru sukari na chumvi zichanganywe katika madumu, na ndugu za wagonjwa wenyewe wawanyweshe kwa vikombe. Mahali ambapo karibu watu 30 kwa 100 walikuwa wanakufa, walikufa chini ya 4. Mahalanabis alifariki katika 2022, na ni wachache wanaojua jina lake. Mimi namweka juu ya wafalme wengi walio katika kitabu chetu cha historia.

Msidhani kwamba kujua dawa kunatosha. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma, katika nchi yetu hii, watu yapata 50 000 walikufa kwa mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Elimu ya Bongaon ilikuwa na miaka zaidi ya 20. Kilichokosa ni maji safi, vikombe na mikono ya kuvishika, saa ile ile.

Basi kila mmoja aandike namna hii katika kaye yake. Kama pakiti za serumu ya kunywa ziko kwenye kituo cha afya, chukua hizo, ni bora. Tia pakiti katika litiri moja ya maji safi sawasawa na ilivyoandikwa. Zikikosa: maji yaliyochemshwa yakapoa, litiri moja kamili, sukari vijiko vidogo 6, vya kusawazishwa kwa kisu, visiwe na kilima, chumvi nusu ya kijiko kidogo, nacho cha kusawazishwa. Koroga, onja. Yasiwe na chumvi kupita machozi. Yakizidi hapo, mwaga, anza upya, kwa kuwa chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto. Na sukari usizidishe kwa huruma: ikizidi, yenyewe inavuta maji na kuyaleta ndani ya utumbo, na kuhara kunaongezeka. Kwa hiyo soda na jusi za dukani hazifai. Maji hayo yasilale zaidi ya siku moja.

Mnyweshe kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko kwa mtoto mdogo. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena polepole. Anayenyonya aendelee kunyonya, na mwenye kula asinyimwe chakula. Mtoto wa zaidi ya miezi sita anapewa pia zinki, miligramu 20 kila siku, siku 10 mpaka 14. Mwenye miezi chini ya sita nusu yake. Kuna watu wanaokimbilia kumwingizia mtoto dawa nyuma kwa mpira ili tumbo isafike. Utumbo huo umekwisha kusafika kupita kiasi! Na kama kuna damu, ao mtoto analegea, haamki vizuri, hawezi kunywa, ao maji yanatoka kama ya mchele, hakuna kungoja kesho. Mpeleke ku lopitali mara moja, nanyi mkimnywesha njiani.

Juu ya kunawa mikono na kutia dawa ya klore katika bido, wakubwa wetu wamesema kila juma, sitaongeza.

Nimepewa swali moja na mwanafunzi wa kalasi ya pili, nalo ni la akili: je, mahali ambapo hata sukari haipatikani? Pale panabaki unga. Pika uji mwepesi sana, wa mchele ao wa mahindi, unaonywewa katika kikombe kama maji, utie chumvi ile ile nusu ya kijiko kidogo kwa litiri moja. Uji huo ni wanga, na wanga, tulisema, ni shanga za sukari. Vimeng'enya vya kongosho na vya ukuta wa utumbo vitazikata moja moja, pale pale pembeni ya mlango, na kila sukari itakayokatwa itashika mkono wa chumvi na kupita. Wagonjwa wa kipindupindu wamenyweshwa uji wa mchele wa namna hiyo katika Bangladesh, ukawafaa vizuri.